Mizizi Iliyofungwa kwa Uzi Mweusi

Kimberley, 11 Machi 1979

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia, na baba namwamkia pia. Huku hatujambo. Mkweo Tefo bado yuko na treni zake, na joto bado linatukaanga.

Keti kwanza. Nina mimba ya miezi mitatu. Nimekaa kimya mpaka sasa kwa sababu zile mbili nilizitangaza mapema, ukazifumia kofia za sufu, kisha nikakuandikia barua ambazo hakuna mama anayetaka kuzipokea.

Safari zile niliona aibu kunywa dawa ya chungu. Nilijiona mke wa mjini. Sasa kliniki naenda kila mwezi, nesi anasema mambo yanakwenda vizuri, lakini nataka na qobo, ile dawa yetu ya mizizi ya kutunza mimba. Silitaki hili la sokoni linalouzwa limekauka juu ya gunia. Nataka lililochimbwa na mkono wako. Ukisema ni ujinga, sawa, ni ujinga. Naogopa, mama. Naogopa hata kucheka kwa nguvu.

Kikohozi cha baba je? Mwambie aache kuwasha kiko kisha kujifanya amekishika tu.

Mwanao,
Puseletso


Ha Khabiso, 1 Aprili 1979

Mwanangu,

Barua yako ilikuja na basi la Alhamisi. Mwenye duka aliniita kwa kelele mpaka kijiji kizima kikajua nimeandikiwa. Sisi wazima, baridi ndiyo imeanza kunyemelea. Nilimsomea baba yako, akanyanyuka akasema anakwenda kumwangalia farasi. Farasi tulimuuza mwaka jana. Nikamwacha akae huko nje mpaka amalize kufuta macho.

Jana asubuhi tulishuka kwenye chemchemi. Qobo limesitawi, majani mapana kama sinia. Baba yako alibeba sururu, mimi nikachimba. Nilisimama upande ambao kivuli changu hakiuangukii mmea, nikakata mizizi ya pembeni, mzizi mkuu nikauacha na udongo wake. Haya nilikufundisha, ila uliolewa kabla hujamaliza kusikiliza. Na mkono unaochimba dawa ya mimba usiwe na hasira wala msiba. Wangu hauna. Ulikuwa na furaha tu.

Mizizi haikai sana. Nitakuwa natuma fungu jipya. Kliniki usiache kwenda.

Mama yako

Puseletso, mimi baba yako naandika huku chini kwa sababu mama yako amemaliza karatasi yote. Kunywa dawa. Kiko nakishika tu. Baba


Kimberley, 6 Mei 1979

Mama yangu,

Nakuamkia. Mimi mzima, na wa tumboni mzima: Jumatano amecheza! Nilikuwa naosha masufuria nikayaacha yote kwenye maji.

Nilipofungua kifurushi nilijua ni wewe hata kabla ya kunusa. Ncha zimekatwa mshazari, na kamba ya nyasi imesokotwa kuelekea kushoto kama kamba zako zote. Nililia. Tefo akauliza, "Sasa unalilia nyasi?" Huyo naye hajui kitu.

Siku nyingi niko peke yangu. Treni inamchukua Tefo siku nne, siku tano. Majirani ni wema, lakini lugha yao si yetu hasa, na wakicheka mimi nachelewa. Basi natia mizizi chunguni, nyumba nzima inanuka tope la bondeni kwetu, nami nakaa hapo kama niliye na mgeni.

Mstari wa baba nimeubandika ukutani. Mwambie nataka mwingine katika kila barua.

Mwanao,
Puseletso


Ha Khabiso, 24 Juni 1979

Mwanangu,

Salamu. Nisamehe kwa kukawia, theluji ilifunga njia ya basi. Mizizi hii hapa, kunywa kama ulivyozoea. Sisi wazima. Baba yako anakusalimu. Usikae kwenye baridi.

Mama yako


Kimberley, 12 Julai 1979

Mama,

Nakuamkia. Mimi mzima, lakini moyo wangu haujatulia.

Mbona barua fupi hivyo? Na mizizi siyo yako. Imekatwa wima kama karoti, imefungwa kwa uzi mweusi wa cherehani. Nani ameichimba? Nilikuomba kitu kimoja tu, mkono wako. Kama nimekukosea niambie, nitaomba radhi hata kabla sijajua kosa. Mizizi nimeiweka dirishani, sijainywa.

Na baba mbona hajaandika? Safari hii karatasi haikujaa, kulikuwa na nafasi hata ya hotuba.

Mwanao,
Puseletso


Ha Khabiso, 29 Julai 1979

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nani akukasirikie wewe? Mkono umenivimba kwa baridi, ndipo nikamwomba 'MaKhopotso, jirani yetu wa chini, anichimbie. Nilisimama mbali nikimwelekeza, naye akawa ananifokea, "Nimechimba qobo tangu matiti yangu hayajaanguka, niache!" Ana papara huyo mama, lakini moyo wake safi. Kunywa, nakuomba. Usimnyime mtoto dawa kwa sababu ya uzi.

Baba yako hajaandika kwa kuwa yuko juu mlimani kwenye kambi ya ng'ombe, tangu mwezi uliopita. Akishuka ataandika.

Mama yako


Kimberley, 14 Agosti 1979

Mama yangu,

Nakuamkia. Barua nimeipata. Dawa nainywa, mshukuru 'MaKhopotso. Mtoto anapiga mateke mpaka kikombe kinaruka tumboni. Sina maswali zaidi.

Nakutumia blanketi jipya, lile lako limechakaa. Jifunike. Na mwombe 'MaKhopotso awe anakuja kulala kwako mpaka baba ashuke, nyumba ile ni kubwa kwa mtu mmoja. Ule chakula, mama, hata kama huna hamu.

Baba msalimie.

Mwanao,
Puseletso


Ha Khabiso, 30 Septemba 1979

Mwanangu, mama wa mtoto,

Telegramu ya Tefo imefika. Msichana! Na wote wawili wazima! 'MaKhopotso amepiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia, anadai mtoto ni wa uzi wake.

Sasa keti wewe. Baba yako hayupo. Alifariki tarehe 19 Mei, ni kile kifua. Hakuumwa muda mrefu. Barua yako ya Mei ilifika siku ya tatu baada ya mazishi, nimekaa sakafuni kwenye godoro, kichwa wamekinyoa. Wakanisomea kwamba mtoto amecheza, na kwamba unataka mstari mwingine.

Wazee walisema mwenye mimba haambiwi, hasa aliyekwisha kupoteza wawili. Nikakubali. Usiwalaumu wao, ni mimi niliyekubali. Nimevaa nyeusi, na mkono wangu haugusi dawa mpaka mwakani watakaponivua nguo hizi. Ningechimba ningekuwa nakutumia kifo ndani ya fungu.

Siku moja nilichukua kalamu nikajaribu kuiga mwandiko wake. Niliandika jina lako mara kumi, ile P yake sikuipata. Nikaichoma karatasi.

Hukumzika baba yako, na aliyekunyima ni mimi. Nimekaa na jambo hili peke yangu kila siku. Niandikie, mwanangu. Hata kama ni maneno mabaya, niandikie.

Mama yako


Kimberley, 21 Oktoba 1979

Mama yangu,

Nakuamkia, na mjukuu wako anakuamkia. Ananyonya kama aliyeahidiwa kwamba maziwa yataisha.

Mama, nilijua. Nilijua siku niliposoma kwamba baba yuko kambini. Nani anapandisha ng'ombe mlimani mwezi wa Julai? Theluji iko magotini, ng'ombe wote wako chini wanakula mabua, mtoto wa miaka minne anajua hilo. Uwongo hujui, hukuzoea. Niliiweka barua yako dirishani karibu na mizizi, nikaona uzi mweusi, nikakumbuka bibi alipofariki jinsi ulivyokataa kuchimba mwaka mzima. Nikakaa chini jikoni. Tefo alikuwa safarini. Sikulia kwa sauti, nilimwogopea mtoto. Nilipoweza kusimama nilichukua mkasi nikanyoa kichwa. Majirani niliwaambia ni chawa, wakawa hawaketi karibu nami mwezi mzima.

Kisha nikaichemsha ile mizizi, nikainywa yote.

Sikukuambia, kwa sababu niliona unavyoung'ang'ania uwongo ule ili mtoto wangu akae. Ungejua ninajua, usingelala kwa hofu. Basi tumelia miezi yote hii, wewe huko, mimi huku, tukiandikiana habari za blanketi. Hakuna maneno mabaya, mama. Sina.

Nywele zangu zimo ndani ya bahasha ndogo. Zizike walipozika zako.

Mwakani wakikuvua nyeusi nitakuja na mtoto. Tutashuka kwenye chemchemi, wewe utachimba. Sururu nitabeba mimi.

Mwanao,
Puseletso