Atanitosha

Furaha,

Mama yako ndiye aliyenituma. Jana nilimpelekea viazi vya Mudende, tukakaa kwenye ile benchi yenu ya Mbugangari kila mmoja akiangalia upande wake, mwishowe akasema, "Mutoto wangu, hii kasirani uko nayo, usikae nayo peke yako. Muandikie." Basi nakuandikia, na usitegemee maua. Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike. Mwezi wa kwanza nilikulilia. Iliyobaki yote nimekukasirikia.

Nianze na habari, maana wewe ulikuwa huwezi kusikia jambo zito kabla hujajua nani kafanya nini mjini. Cherehani yako anaitumia mdogo wako, na anakata uzi kwa meno vilevile kama wewe. Timu tumebaki kumi na tatu. Wale wageni wa Kampala walikuja kweli, wakatufunga vibaya, kisha wakakaa wakala samaki sahani nne na kutuambia eti tuna moyo. Neno hilo sikulipenda. Mlinzi wa shule tunakochezea bado ananiuliza kila Jumamosi, "Dabi ya leo, timu gani na timu gani?" Nimemweleza mara mia kwamba hii si kandanda. Ni wasichana juu ya patini, viatu vya magurudumu, wanazunguka uwanja wa basketi wakisukumana kwa mabega na makalio, na kila upande una mmoja aliyevaa kofia ya nyota ambaye kazi yake ni kupenya katikati ya wapinzani. Anasikiliza mpaka mwisho, anatikisa kichwa, halafu anauliza, "Na mupira iko wapi?"

Jina lako la uwanjani halijachukuliwa na mtu. Unakumbuka siku niliyoliona mara ya kwanza? Nilikuwa na wiki mbili tu Gisenyi, nimetoka Karagwe nilikozaliwa, nina barua ya kazi ya ofisi ya wilaya na simjui mtu. Nikakukuta uwanjani umeandika SAMBAZA mgongoni. Nikakuuliza kwa adabu zote, "Dada, tusambaze nini?" Ulicheka mpaka magurudumu yakakutoka chini, ukakaa chini kwa kishindo. "We Mutanzania! Sambaza ni samaki! Banaishi pale mu ziwa!" Tena samaki wadogo, wembamba, wanaopita kwenye matundu ya wavu, kama ulivyokuwa ukipita katikati yetu. Tangu siku hiyo Kiswahili chako cha Goma na changu cha Karagwe vikawa mchezo wetu. Ulikuwa unanitega kwa maneno, mimi nakusahihisha, wewe unanizomea. Nilidhani nimeshayajua yote.

Sasa twende kwenye wikendi zako. Jumamosi asubuhi ilikuwa dabi, na Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, tulianza saa tano, tukishamaliza kulima barabara. Jumamosi jioni ilikuwa bendi, pale baa ya ufukweni, wewe na maikrofoni na Kizito na gitaa lake. Jumapili baada ya misa ilikuwa sortie, yale matembezi yako, na wale rafiki zako wa kwaya ya zamani: leo Kanama kupanda vilima, wiki ijayo Rubona kwenye chemchemi ya maji ya moto. Nilikuambia mshika mbili moja humponyoka. Ukanijibu, "Mi nashikaka tatu. Zinaogopa kuanguka."

Kwenye sortie nilikuja mara moja. Ulileta mayai ili tuyachemshe kwenye maji ya moto, tukangoja saa nzima tukinusa harufu ya kiwanda cha bia, na ulipolivunja la kwanza likamwagika lote mkononi mwako. Ukalilamba ukasema limeiva. Kwenye bendi pia nilikuja mara moja, nikaondoka kabla ya wimbo wa tatu. Nilikuambia kichwa kinaniuma. Ukweli ni kwamba nilikuona pale juu, watu wote wanakuita kwa jina, nikaona wivu. Uwanjani ulikuwa wangu. Kule ulikuwa wa kila mtu, na mimi nilikuwa mteja mwenye soda.

Ndiyo maana nilianza kukusumbua. Chagua, nilikuwa nakuambia. Umechelewa kwa sababu ya bendi, umechoka kwa sababu ya sortie, chagua. Ulikuwa unacheka tu na kufunga kamba za viatu.

Tena kuna jambo la Aline. Aline alipokuja na goti lililovimba, nilimwondoa kwenye timu siku hiyohiyo, mbele ya wote, na sikumuuliza hata atafikaje kwao. Mimi ni nahodha, nilisema, sheria ni sheria. Ulimbeba mgongoni mpaka kwenye pikipiki, ukarudi umenuna. "We Jovia, unapendaka sheria kuliko batu." Nikakujibu kwamba sheria ndiyo inayowalinda watu. Nilijiona nimesema la maana sana.

Halafu ile Jumamosi.

Unaijua sheria, ingawa ulipenda kuisahau. Kati ya wale wawili wenye nyota, anayepenya kwanza ndiye kiongozi wa mzunguko, na yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kuusimamisha kabla ya muda wake, kwa kujipiga kiunoni kwa mikono miwili. Siku ile aliyepenya kwanza hakuwa wewe. Ulikuwa nyuma, umebanwa, na ulipofika kona ya karibu na lango ukajipiga kiunoni. Mara moja. Mara mbili. Mimi nilikuwa katikati ya uwanja na filimbi, nikakupigia kelele, "Huna haki! Wewe si kiongozi! Endelea!"

Ukaniangalia. Ukaendelea.

Mzunguko ulipokwisha ulikaa chini ukaegemea mlingoti, ukanywa maji yote ya chupa yangu, ukasema, "Bon, mi nimechoka tu, nguo za kushona ni mingi." Jioni yake ukaenda kuimba. Jumapili ukaenda Rubona. Jumatatu wakakupeleka hospitali, na Jumanne mama yako akanipigia simu, na sikumwelewa kwa sababu alikuwa analia kwa Kinyarwanda na Kiswahili kwa pamoja. Daktari alisema ni moyo. Alisema labda ingekuwa hivyohivyo hata bila Jumamosi ile. Neno "labda" nimelitafuna kwa miezi mitano na halijalainika.

Kwenye kilio, pale kwenu, Kizito alikuja akanishika mkono. Nilikuwa simjui vizuri. Akasema, "Ni we Jovia? Furaha alikuwa anakutaja kila mara. Alikuwa anasema, Jovia atanitosha." Kisha akainamisha kichwa akaondoka.

Furaha, nilivyofurahi! Naona haya kuandika hivyo, lakini kati ya watu wanaolia mimi nilifurahi. Jovia atanitosha. Pamoja na bendi nzima, pamoja na kwaya na vilima na maji ya moto, ulikuwa umewaambia watu kwamba mimi nakutosha. Kwetu Karagwe mtu hawezi kukusifu zaidi ya hapo. Nililala na neno lile, na kesho yake, padri aliposema rafiki aseme machache kaburini, nikasimama nikalisema. Nililisema kwa sauti, nimenyoosha mgongo. "Furaha aliwaambia rafiki zake: Jovia atanitosha." Watu wa Goma waliangaliana. Mmoja akakohoa. Mama yako akafunika uso kwa kitenge. Nikadhani ni uchungu.

Wiki tano baadaye nilijipa moyo nikaenda kwenye bendi. Nilitaka kuisikiliza mpaka mwisho, kwa ajili yako. Karibu na maikrofoni palikuwa na kiti cha mbao, kitupu, kina mto wa kitenge cha njano. Mshono ule niliujua kabla sijakaribia. Nikamuuliza Kizito kiti ni cha nani.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Ya Furaha. Hukuwe unajua? Mwaka mzima aliimba akikaa. Moyo ilikuwa inamusumbua, docteur alimukataza mbio. Ba sortie nabo banajua, kwa vilima banamungojeaka. Tulimuambia, ambia Jovia. Akakataa. Akasema, hapana, hapana, Jovia atanitosha mu timu."

Mu timu.

Atanitosha mu timu. Atanitoa. Atanifukuza, kama alivyomfukuza Aline.

Na usiniambie kwamba sikulijua neno. Nimekaa hapa miaka sita. Nimewasikia watu wakisema tosha takataka, tosha viatu mlangoni, tosha huyu mtoto juani. Nililijua vizuri sana. Siku ile sikio langu lilichagua lenyewe, likaenda kuazima maana Karagwe, na nikasimama juu ya kaburi lako nikawatangazia ndugu zako wote kwamba ulikuwa unaniogopa. Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Wewe hukuumbuka, Furaha. Niliumbuka mimi.

Nimekukasirikia. Bendi ilijua. Sortie ilijua. Mpiga ngoma yule anayekuja nusu mlevi alijua. Watu wa kilimani Kanama walipunguza mwendo kwa ajili yako, baa nzima ilikuona umekaa kwenye kiti mwaka mzima, na mimi ambaye ulikuwa ukinywa maji ya chupa yangu nilikuwa nakupigia filimbi ukimbie. Ulijigawa mafungu matatu, mawili ukayapa ukweli, mimi ukanipa mbio zako. Na ulinifanya nini mimi? Ulinifanya mkono uliokusukuma. Huo si urafiki. Ulinisaliti, na ulifanya hivyo huku unacheka na kufunga kamba za viatu.

Nimeacha kuandika, nimechemsha chai, nimerudi.

Kiti kile kilikaa pale kila Jumamosi jioni, wazi, mbele ya watu. Hukukificha. Ningekuja hata mara moja zaidi ndani ya mwaka mmoja ningekiona. Hilo nalo nimekuwa nikilizunguka kama mtu asiyetaka kupenya. Halifuti hasira yangu. Viwili hivyo nalala navyo, kimoja kila upande.

Sikia jipya la mwisho. Mama yako alinipa kofia yako ya nyota, ile uliyoishona kwa kitambaa kilichobaki cha gauni la bibi harusi. Nimewaambia wasichana kwamba sisi kwetu, iwe mazoezi au mechi, atakayejipiga kiunoni, awe kiongozi asiwe, ana nyota hana, wote tunasimama. Haulizwi. Wageni wa Kampala walisema hiyo si sheria ya dabi. Nikawaambia hiyo ni sheria ya Gisenyi. Aline amerudi. Nilikwenda kwao nikamwomba, na mama yake alinikalisha nje mpaka chai ikapoa, nikaona ni haki yake. Jumamosi iliyopita Aline ndiye wa kwanza kujipiga kiunoni. Patini kumi na tatu zikasimama kwa pamoja, nikaenda kwake mbio. Alikuwa anataka kufunga kamba ya kiatu. Wote walicheka. Mimi nilikaa pale chini nikalia mpaka mlinzi akaacha lango akaja kuuliza tumefungwa ngapi.

Pumzika, Sambaza. Sijakusamehe, na siahidi kwamba nitakusamehe mwaka huu. Ninachoahidi ni Jumamosi jioni. Nitakuwa nakuja kwenye bendi, nitakaa karibu na kile kiti, na sitaondoka kabla ya wimbo wa mwisho. Nikiona mtu wangu amekaa ambapo zamani alisimama, nitamuuliza kwa nini, na nitafunga mdomo mpaka amalize kunijibu.

Na neno lako lile nimekubali kulibeba, kwa sababu ulisema kweli. Ungeniambia, ningekutosha. Kwa Kiswahili chako, siku ileile, bila huruma. Na kwa Kiswahili changu, siku zote ulizobakiza.

Jovia wako