Motokari Yenye Kulala na Ngombe

Siku ya kwanza, 15/11/1954
Ngombe wamekamuliwa, maziwa iko mu vibuyu, Zawadi amelala ku mugongo. Papa Zawadi iko tena chini ya motokari. Ninaona miguu yake tu.

Muzungu wa planteshoni, ule Papa Zawadi alikuwa anamuendeshea motokari, aliporudi kwao alimuachia hii kamioneti. Imezeeka. Kutu imekula chini yote. Leo niliangalia ndani, pale shoferi anaweka miguu, nikaona kuku yangu inapita. Kaka Petro, fundi mwenye kutusaidia, akasema: «Mama Zawadi, hii motokari iko na madirisha kupita kanisa.» Nilicheka mpaka mutoto akaamuka.

Papa Zawadi ametoa neno: ikipona mbele ya Noeli, tunashuka Kibua kwa mama yangu. Mama hajaona Zawadi hata siku moja. Goti yake haiwezi kupanda hii milima yetu. Ninaomba Mungu. Na Petro ninamuomba pia.

Siku ya tatu, 17/11
Walipasua pipa ya mafuta, wakaipiga juu ya jiwe mpaka ikanyooka kama mukeka. Njo chini mupya ya motokari. Kelele siku nzima. Kila nyundo ikishuka Zawadi anapiga makofi. Nilimupenda mpaka nikauma shavu yake kidogo.

Magaribi papa mukwe aliita vijana, wakasukuma motokari mu lupango ya ngombe, kama kila siku. Kwake, kitu ya mali inalala na ngombe. Njo yeye aliipa jina: Gaju, juu rangi yake ni ya ngombe mwekundu. Anaipitisha mukono ku uso mbele ya kuenda kulala.

Siku ya sita, ya posho, 20/11
Papa Zawadi ameenda Kalembe na miguu. Walimwambia kuna kamioneti ya namna moja na yetu, ilianguka kando ya njia, mwenyewe aliitupa. Yetu inakosa mulango wa upande wangu. Sitaki kufika kwa mama nimefungwa na kamba.

Siku ya kwanza, 22/11
Amerudi! Yeye na muntu wa Kalembe, mulango ku vichwa vyao, umefunikwa na majani ya ndizi sababu ya mvua. Njiani watu walidhani ni maiti. Wakatoa kofia. Muzee mumoja akauliza kwa huzuni: «Nani amekufa?» Papa Zawadi akajibu: «Mulango.» Muzee akasema pole, akaendelea.

Mulango ni kijani. Motokari ni nyekundu. Petro anasema iko kama bibi-arusi amevaa kiatu ya muntu mwingine. Kwangu iko muzuri kabisa. Unafunga. Niliufungua na kuufunga mpaka Papa Zawadi akaniomba niuachie mapumziko.

Siku ya ine, 2/12
Mubaya. Chini mupya imeanza kutu. Ile ya pipa! Petro aliweka kidole, kidole kikatoka nyekundu. Hata mulango, kule chini, umeanza. Petro akakasirika: pipa ni ya uwongo, njo mwisho, yeye hatagonga tena. Akabeba nyundo yake. Papa Zawadi alisukuma sahani yake. Hakukula.

Nililia mu jikoni. Ku mawazo ninaona mama amekaa ku mulango wake, anaangalia njia.

Siku ya tano, 3/12
Nimejua! Nimejua!

Niliingia mu lupango asubui kuondoa mavi. Ngombe mumoja alikuwa amegeuza mugongo kwa Gaju. Akainua mukia. Mikojo yote ndani, ku chini mupya, pale pa mulango wenye kubaki wazi. Mwingine alikuwa analamba gurudumu. Nikasimama na fagio. Mwaka jana nilisahau jembe yangu mule mule, mvua haikuisha, jembe ikaisha. Sisi kwetu Kibua ni watu wa mihogo, sikujua mambo ya ngombe. Sasa ninajua.

Nikamwambia Papa Zawadi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akakaa chini. Nani atamwambia papa yake? Mutoto mwanaume hawezi kusema ngombe za baba zinaharibu. Na mimi ni mukwe wake. Mimi jina yake sitaji, ku macho yake siangalii. Nitamukosoaje?

Tumekaa wawili kama watu wamepoteza ufunguo.

Siku ya Mungu, 5/12
Ninaandika mbio.

Kisha misa kuisha, papa mukwe alikaa inje na kibuyu yake ya maziwa. Nikaleta beseni karibu, nikaanza kuosha Zawadi. Nikamwambia mutoto, sauti ya kusikika: «Zawadi mama, ngombe za babu ni nzuri. Maziwa yao njo ilikunonesha. Lakini mikojo yao inakula chuma. Ilikula jembe ya mama. Sasa inakula Gaju. Motokari itaisha, na mama yangu hatakuona.»

Papa mukwe akakohoa. Akaangalia mutoto, hapana mimi.

«Zawadi,» akasema, «ambia mama yako: nani anafukuza Gaju inje mu baridi?»

«Zawadi, ambia babu: tutaijengea nyumba yake.»

Akakunywa. Akapangusa mudomo polepole.

«Zawadi, mama yako anasema mingi. Na nyumba hiyo atajenga nani? Mama yako? Na fagio?»

Akasimama, akaita panga yake. Siku ya Mungu! Alikuwa anaenda kukata miti! Papa Zawadi alimukimbilia amungojeshe mpaka kesho. Mimi nikabusu Zawadi ku kila kidole, sabuni yote mu mudomo.

Siku ya posho, 11/12
Nyumba ya Gaju imesimama. Inapita jikoni yangu kwa ukubwa. Papa mukwe mwenyewe alifunga majani ya juu, hakuacha muntu. Watu wanakuya kuangalia. Anawaambia kila mumoja: «Chuma haipendi mikojo. Hamukujua?»

Petro naye amerudi na nyundo. Anasema yeye hakusema pipa ni mubaya, alisema pipa imechoka. Tumemuacha. Alikwangua kutu na mawe na muchanga mpaka chuma ikangaa, akagonga kipande kingine pale palioza. Juu akapaka rangi ya buluu iliyobaki ku madirisha ya kanisa. Gaju sasa ni nyekundu, kijani na buluu. Hakuna ngombe wa namna hiyo Masisi yote.

Siku ya tano, 24/12
Kibua.

Tulifika mbele ya magaribi. Chini haikuingiza hata tone. Mama alisikia motokari, akatoka na fimbo, hakuangalia motokari. Alinyoosha mikono tu.

Zawadi hakulia. Mama alimunusa shingo, akafunga macho, akamunusa tena.

Sasa wamelala ku kitanda kimoja. Mvua inanyesha polepole ku majani ya ndizi. Kifua ya Zawadi iko juu ya kifua ya mama, vinapanda na kushuka pamoja. Maziwa imenijaa, ingefaa nimunyonyeshe. Ninawaacha kidogo.