Kwa Kaka Uliyekwenda Kusomea Ubongo

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa Maili Moja, katika chumba cha kupanga nilichohamia baada ya mama kututoka. Barua tatu nilizokutumia huko ng'ambo hukuzijibu, kwa hiyo hii naiandika wazi, aisome yeyote, na atakayekuona akufikishie.

Unakumbuka kule kijijini kwetu Vihingo, mama alipoanguka kifafa kisimani na wenzake wakatimua mbio kwa kuogopa povu lake? Mimi pia nilikimbia. Wewe ulibaki, ukamlaza ubavu, ukamlegezea khanga shingoni, ukaniita kwa hasira: "We Mwanahawa, njoo hapa! Mshike mkono, usimwache peke yake." Tangu siku ile hukuwa na wimbo mwingine ila ubongo.

Chuo kikuu kilipoanzisha shahada ya pili ya ubongo na mishipa ya fahamu, ulikuwa miongoni mwa wanafunzi wanne wa kwanza. Mlikuwa na chumba cha kuazima, mwalimu mmoja mgeni, na hadubini moja mliyopokezana. Sikukuu ya Idd ukaniagiza ubongo wa mbuzi, ukanipa na kopo la dawa ya kuuhifadhia. Niliinusa dawa ile nikajua kaka yangu akila kilichotiwa humo atakufa. Nikaimwaga, nikaupika ubongo kwa tui zito na ndimu, nikakuletea mwenyewe hadi chuoni. Ulifunua sufuria mbele ya wenzako, ukanitazama.

"Mdogo wangu, tulitaka kuuchunguza."

Mwenzako mmoja alikwisha kuchovya mkate. "Si ndiyo tunauchunguza," akajibu, mdomo umejaa. Hadi leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Mkataba wa mwalimu ulipokaribia kwisha, chuo kikakuchagua wewe uende ng'ambo kusoma zaidi, urudi kushika nafasi yake. "Miaka miwili tu, mama," ulisema. Tulipoamriwa kuhamia kijiji kipya cha ujamaa, mama aligoma kuondoka, akisema utarudi ukute nyumba haina watu. Alikungoja hadi mwisho. Siku alipokata roho nilikuwa nimemshika mkono.

Mwezi uliopita nilikwenda chuoni kukuulizia. Karani alinifungulia kile chumba, viti vibovu vimerundikwa hadi dirishani. "Kozi ipo, dada, ila kwenye karatasi tu," akasema. "Tunamngoja mwalimu." Niliona haya kumwambia kwamba mwalimu huyo ni kaka yangu.

Nimekukasirikia sana, na bado nakukasirikia. Lakini lililonifanya nishike kalamu ni jingine. Jumatatu nilizinduka sakafuni kando ya cherehani, ulimi nimeuuma, nguo zimelowa. Juzi ikawa hivyo tena. Sihitaji kuambiwa ni nini, kaka, ulinifundisha mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi, na wapangaji wenzangu walikuwa wamesimama mbali kule uani, wananitazama. Siwezi kuwalaumu, maana hata mimi kisimani nilikimbia.

Chuo kitapata mwalimu mwingine. Mimi nani atanishika mkono?

Mdogo wako, uliyemwambia asimwache mama,
Mwanahawa