Bakuli Nililolijaza hadi Ukingoni

Isfara,
Jumapili, 12 Agosti 2018.

Mpendwa Kaka Mirzohid,

Pokea salamu za nyumba nzima, za ndani na za uani. Kwanza niambie mgongo wako u hali gani. Ule mkanda wa sufi aliokufumia Mama unaufunga, au umeukunja chini ya mto ukisubiri uumie zaidi? Huko Yekaterinburg nasikia baridi imeanza kuchungulia asubuhi. Usibebe mifuko ya saruji kwa kujionyesha. Vijana wapo.

Sisi ni wazima. Presha ya Mama imeshuka tangu nilipoificha chumvi, ingawa ananiita mchawi wa jikoni. Wifi Lutfiya hajambo. Shahlo wako amepoteza jino la mbele, anapiga mluzi akisema neno lolote lenye s, na anajivunia. Paa la zizi tumelimaliza, na mvua ya mwezi uliopita haikupenya hata tone.

Mvua hiyohiyo ndiyo iliyonitia katika aibu, na ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu. Simu nimepiga. Inaita mpaka inachoka yenyewe. Kwa Wifi unapiga kila Ijumaa, kwa hiyo najua simu yako ni nzima na aliyeharibika kwako ni mimi. Barua hii anakuletea Hikmat, mtoto wa jirani, anayerudi huko kazini. Nimemwambia asiondoke mlangoni kwako mpaka akuone umeifungua.

Najua umeletewa habari. Mji huu hauna siri, una foleni tu ya watu wanaosubiri zamu ya kuisimulia. Wamekuambia nimemvunjia heshima Ami Sadriddin mbele ya wageni. Wengine, nasikia, wanasema nilimpiga kwa buli. Sikumpiga kwa buli, Kaka. Hilo lingine ni kweli, na nataka ulisikie kutoka kwangu.

Huhitaji kukumbushwa Ami ni nani kwetu. Baba alipofariki nawe ukakwama uwanja wa ndege kwa theluji, ni yeye aliyemwosha rafiki yake, na ni yeye aliyebeba jeneza upande wa mbele mahali pako. Nilipoachika, ni yeye, mkuu wa uzalishaji, aliyenitafutia nafasi kiwandani katika chumba cha kupasulia kokwa. Hayo nayahesabu yote, sipunguzi hata moja. Ila kutoka kwenye kokwa mpaka kuwa mkuu wa ukumbi wa kuchambulia aprikoti nilipanda kwa miguu yangu, na ngazi zenyewe hazikuwa na kamba ya kushikia.

Sasa sikiliza. Kila wakija wageni ofisini kwa mkurugenzi Nozimjon, Ami hugeuka akasema, "Sanavbar, binti yangu, chai." Nina miaka arobaini na mitatu. Kuna vijana pale niliowafundisha mimi kushika trei, nao huketi wamekunja miguu kama makadhi. Lakini buli hupewa mdogo wa mahali, na mdogo wa mahali ni mimi, na mwenye kumimina hasemi. Nilikubali miaka yote nikijidanganya kwamba aliye karibu na buli husikia kila kitu. Kusikia nilisikia. Mwaka jana nilisikia hata Ami akimweleza mgeni jinsi "tulivyofikiria" kupanga trei ghorofa mbili kwenye banda la vioo la kukaushia. Trei zile nilizifikiria mimi, nikiwa nimesimama pale kwenye joto, peke yangu. Nilimmiminia chai, akaendelea kueleza.

Mwezi uliopita alikuja mnunuzi wetu wa Almaty, Bibi Raushan. Unamjua kwa sifa: mwanamke mpana, anacheka kwanza, halafu anakukaba. Siku tatu kabla yake mawingu ya mvua yalikuwa yamelala juu yetu na aprikoti zilikuwa bado na maji. Jumanne nilimfuata Ami mlangoni kwake nikamwambia mzigo haujakauka, asiahidi siku chache. Alikuwa anatafuta miwani yake. Akasema, "Vizuri, vizuri. Kesho wageni wanafika saa nne, lete chai mapema."

Basi nikaleta chai mapema.

Tumeketi, mikate imemegwa, wamekwisha kuulizana habari za wajukuu. Bibi Raushan akasema, "Haya mzee, lini? Na mniletee tunda, si pombe ndani ya maboksi. Mimi nimeshakwenda Hija."

Watu wakacheka. Ami akacheka kuliko wote, akasema, "Siku tano tunapakia. Siku ya sita unalitafuna Almaty."

Nilikuwa nammiminia mgeni wakati huohuo. Ile "siku tano" ilinipata mkono ukiwa hewani, na akili yangu ikaondoka kwenye buli ikaenda kwenye trei: unyevu asubuhi ile, joto la barabarani, kontena limefungwa. Niliporudi, chai ilikuwa imefika ukingoni. Bakuli limejaa pomoni, Kaka. Mbele ya mgeni! Unakumbuka Mama alivyotufundisha kwa kofi: chai robo, mgeni akae uzidi kumwongeza, bakuli likijaa, umemwambia avae viatu. Na kwao Almaty ni vilevile.

Bibi Raushan alilitazama bakuli, halafu akanitazama mimi. Akasema taratibu, "Dada, mwenyeji akinijazia hivi huwa namwita dereva wangu."

Mkurugenzi alibadilika rangi. Ami akasema, "Mtoto kachoka tu. Sanavbar, mwaga hiyo, nenda nje ukapumzike."

Ningekwenda. Naapa nilikuwa nimeshainama kuchukua bakuli. Lakini ningetoka nimemfukuza mgeni kwa chai, na mzigo ungeondoka nyuma yangu ukiwa mbichi, na yote mawili yangekuwa juu ya kichwa changu. Nikaliweka buli chini. Nikasema, "Si uchovu. Mkono umeniponyoka kwa sababu siku tano hazitoshi. Nimepima leo asubuhi, unyevu ni ishirini na sita kwa mia. Mkataba unasema ishirini. Mzigo ukifungwa hivi utachacha njiani, na Hija yako itaingia matatani."

Ami akasema, "Nani kakuuliza?"

Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu safi. Nikajibu, "Hakuna. Hakuna aliyeniuliza tangu nilipoanza kazi. Hata trei za mwaka jana hamkuniuliza, mlizichukua tu."

Kaka, maneno ya kwanza yalikuwa ya matunda. Hayo ya pili yalikuwa ya kwangu. Ya kwanza siyaonei haya hata kidogo, na ukinikaripia kwa hayo nitakujibu. Ya pili ndiyo yanayoniamsha usiku. Nilikuwa na ukweli mmoja uliotakiwa mezani, nikaufunga pamoja na kinyongo changu, nikavitoa vyote kwa bei moja. Mzee aliyemwosha baba yetu alibadilika akawa mdogo mbele ya macho yangu, na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Bibi Raushan hakuwa na habari na trei. Aliniuliza, "Siku ngapi?"

"Kumi na tatu jua likiwaka. Kumi na sita mawingu yakirudi."

"Andikeni kumi na sita," akamwambia mkurugenzi. "Na huyu, nikija tena, aketi. Amimine mwingine, asiyejua hesabu."

Akanyanyua lile bakuli lililojaa, akanywa mpaka chini, akaketi palepale. Ami aliinuka kabla ya dua. Hajawahi kuinuka kabla ya dua.

Mzigo ulifika Almaty na unyevu wa kumi na tisa. Bibi Raushan ameongeza oda ya msimu ujao nusu nzima juu ya ile ya mwaka huu. Wiki iliyopita mkurugenzi aliniita. Ami anastaafu vuli, kama ilivyokuwa imepangwa zamani, na nafasi yake wanataka nishike mimi. Akasema, "Miaka yote hiyo, kwa nini hukufungua mdomo?" Nilitaka kumjibu kwamba mdomo niliufungua mara nyingi, ila kwenye korido, kwa sauti ya kuomba ruhusa, kwa mtu anayetafuta miwani. Nikasema tu nitafikiri. Anataka jibu Jumatano.

Wanawake wa ukumbini kwangu wamepata la kusema. Nikipita wananiimbia, "Bi Sanavbar, tufundishe na sisi kujaza bakuli tupande cheo!" Nilicheka nao. Halafu nilikwenda kunawa uso, na nikakaa huko bombani zaidi ya inavyohitaji uso mmoja.

Juzi baada ya alasiri nilichukua mikate miwili ya moto nikaenda kwa Ami kuomba radhi. Mama Oyimsha, mkewe, alinifungulia, akanishika mkono akaniingiza ndani. Ami alikuwa mbele ya televisheni iliyozimwa sauti. Mkewe alipoleta chai, Ami alimnyang'anya buli. Mzee wa umri ule, ananimiminia mimi! Akamimina polepole, akamimina, mpaka chai ikasimama ukingoni inatetemeka. Akasema, "Kunywa."

Nilikunywa. Ulimi ungali unaniwasha.

Akasema, "Ungeniambia mimi. Si mbele ya yule mwanamke."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema lile lililonipeleka. Lilikuwa limeshafika mdomoni. Badala yake nikasema, "Nilikuambia, Ami. Jumanne, mlangoni kwako. Ukasema nilete chai."

Nadhani alikuwa anakumbuka. Nadhani alikumbuka. Akageukia televisheni, na mkono wake ukaanza kulifuata buli tena, nami nikasimama haraka nikasema Mama ananisubiri. Kaka, mimi ninayepima kila kitu, sikuthubutu kukaa nione kipimo cha bakuli la pili. Mama Oyimsha alinifuata mpaka getini. "Mbona umekimbia? Alikuwa anakumiminia." Nilishindwa hata kumwuliza, kiasi gani.

Kwa hiyo nilikwenda kuomba radhi, nikatoka nimeshinda hoja. Radhi yenyewe nilirudi nayo nyumbani kama nilivyoondoka nayo.

Jumatano nitasema ndiyo. Usinikataze, maana nitakataa kukatazwa, na sitaki tuongeze hilo juu ya mengine. Kazi ile naiweza, na nimeshaifanya nusu yake bila jina. Kiti hicho sikukiiba. Lakini sitaki kukikalia kabla ya Jumanne, kwa kuwa Jumanne nitarudi kwa Ami. Nitaomba radhi kwa neno la trei, na hilo litakuwa la kwanza kutoka mdomoni, kabla hajapata nafasi ya kunipa sababu ya kujibu. Halafu nitanyoosha bakuli langu na nitalitazama likimiminiwa, liwe robo au lijae.

Sikuombi uniombee msamaha kwake. Nakuomba umpigie umsalimie tu, kama ulivyokuwa ukimpigia zamani. Asidhani kwamba kwa sababu ya mdomo wangu amepoteza na mtoto wa kiume.

Na jambo moja kwako, ukasirike ukitaka. Yule msimamizi wako Gennady bado anakuuliza pembeni jinsi ya kusoma ramani ya jengo, halafu anakwenda kuisema kwa wakubwa kama yake? Wewe unanisimulia na kucheka, lakini kicheko hicho nakijua, nilikuwa nacho mimi. Sema, Kaka. Sema mapema, ukiwa umeketi, jambo likiwa bado dogo na moyo ukiwa mtulivu. Ukingoja kama nilivyongoja mimi, siku utakayofungua mdomo litatoka la kazi na la moyoni kwa pamoja, na watu watalikumbuka la pili. Cheo utapata, hilo nimeona. Ila utakipata kama mimi, na uso umeinama.

Mama anakusalimu na anauliza kama unakula kitu cha moto. Wifi Lutfiya anakusalimu, na Shahlo anakusalimu kwa mluzi. Mjomba Qurbonali naye, goti lake limepona. Mama Oyimsha, nilipokuwa getini kwake, alisema nikufikishie dua, kwa hiyo nyumba ile haijatufunga kabisa.

Mungu akulinde na baridi, na mgongo, na ukimya wa aina zote mbili, wangu na wako. Hikmat atakapokuwa amesimama mlangoni, usimmiminie bakuli likajaa. Akae kidogo, na ukimaliza kusoma, piga. Ukitaka kunikaripia, karipia. Ila piga.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, hata ukiwa umenuna,

Sanavbar