Mahali pa Hana Mkekani

Matrah, Maskati
Mwezi wa Rajabu

Mama yangu,

Nakubusu mkono, tena yote miwili, na kama ningekuwepo ningekubusu na utosi, utake usitake. Magoti yako yanasemaje? Ile dawa ya kupaka bado unapaka, au umeshaificha chini ya mto ukawaambia watu imekwisha? Na wifi yako Bi Mwanaisha, vipi, bado akikutilia chai anaitazama sukari kama anaiaga? Nacheka, lakini roho inaniuma. Miaka yote hii tangu tulipotoka Pemba kwa yale mapinduzi, mimi nikamfuata mume wangu huku na wewe ukabaki Mombasa kwenye chumba cha watu, hakuna siku nnayokula nikashiba nisikufikirie.

Sisi wazima, alhamdulillahi. Khalfan bado yuko bandarini anaandika mizigo inayoteremshwa, na akirudi hasemi neno mpaka ajimwagie maji. Joto la hapa si la kusimuliwa. Milima imetuzunguka, myeusi mitupu, haina hata jani, na jua likizama ndiyo kwanza mawe yanaanza kutoa moto wake. Mimi nashona. Nguo za maharusi ndizo riziki yangu, maana wanawake wa hapa wakisikia mshonaji katoka Unguja, basi, hawamtaki mwengine. Nimechoka kuwaambia mie Mpemba.

Sasa, Mama, funga mlango. Barua hii usimpe mtu akusomee, hata kama miwani imepotea. Itafute.

Wakumbuka nilikuandikia kuwa liwali hatoi ruhusa ya mtu kuingia mpaka apatikane jamaa yake wa damu, aliyezaliwa hapa, aje aseme kwa mdomo wake kuwa huyu ni wetu. Khalfan alikwenda kukusemea. Karani akamwambia, "Mama mkwe si damu yako. Watafute watu wake." Watu wako! Watu gani, na upande wa baba yako wamekwisha, na upande wa mama yako ni Wazungu? Nilirudi ndani nikalia mpaka Khalfan akahamia barazani.

Nilipokwisha kulia nikazitoa zile karatasi ulizonipa siku tuliyoagana, ulizozinakili kwa mkono wako kwenye kitabu cha Marafiki kule Pemba. Nikazisoma neno kwa neno. Kumbe hao Marafiki, ndio Wakweka, Wazungu waliohama kwao Uingereza na watoto wao wakaja kukaa na watumwa walioachwa huru, walikuwa watu wa kuandika kila kitu! Hata miezi hawaitaji kwa majina, wanaipa nambari tu. Imeandikwa kuzaliwa kwa Ruthi, binti wa mume na mke mmoja katika wao, huko kwao. Imeandikwa siku waliyoshuka Pemba. Kisha Ruthi kaolewa na Mwarabu mwenye mikarafuu, na hapo wazee wa Marafiki wakalipiga jina lake mstari, wakaandika kuwa katoka kwao kwa kuolewa nje. Chini ya mstari pana jina moja tu: Hana, mtoto wa Ruthi, analelewa na babu na bibi yake.

Bibi Hana, mama yako. Yaliyobaki ulinihadithia wewe, kwamba Ruthi alisafiri na mumewe kuja Maskati, na Hana akiwa mdogo ana homa, na melini hawakutaka mgonjwa. Wakamwacha kwa wazee wa Ruthi mpaka apone, wakasema ataletewa mtu wa kumchukua. Hakuletewa mtu. Basi nikasema moyoni, kama Ruthi alifika huku, huenda alizaa huku.

Nikamwendea mzee mmoja aliyekuwa mwandishi wa kadhi, ana masanduku ya hati za ndoa na mirathi yanayoliwa na mchwa. Mkewe nnamshonea, ndiyo maana akanipokea. Akaniuliza, "Akiitwa nani huyo?" Nikamwambia Ruthi, Mzungu, na lazima alisilimu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu," akasema, "aliyesilimu hatumwandiki kwa baba yake. Tunamwandika binti Abdallah. Na wengi wao hujichagulia Maryam."

Akanitolea hati moja baada ya nyengine. Maryam binti Abdallah kaolewa. Maryam binti Abdallah karithi. Maryam binti Abdallah kafa. Mhabeshi, Mnyasa, Mhindi, Mzungu, wote baba yao mmoja! Nikazirudisha hati sandukuni, na vumbi lake nikalinusa nguoni mwangu siku nzima.

Nikaenda na makaburini, nje ya mji, jua la asubuhi. Mama, kule niliogopa. Hapana jina hata moja. Mwanamume kawekewa mawe mawili, mwanamke matatu, basi. Bonde zima ni mawe yaliyosimama, upepo haupo, ndege hapana, na mie napita nawauliza wenye mawe matatu, "Nani katika nyinyi bibi yangu?" Nilipouliza kwa sauti nikaona kama yote yamenielekea. Yarabi! Nilirudi mbio, kiatu kimoja mkononi, na nani wa kumwambia akaamini? Khalfan alinambia nisirudi tena.

Baada ya hapo nikaitwa kushona nguo za harusi katika nyumba moja nyuma ya soko, nyumba ya mama mmoja mtu mzima sana, Bi Thuwaiba. Jirani akaninong'oneza, "Nenda siku yoyote unayotaka, ila Jumapili asubuhi usende. Ile nyumba ya mabubu. Wana kitu chao wanakikalisha." Nikajisemea, kila nyumba na mashetani yake. Lakini harusi ilikuwa imekaribia, na hapa Jumapili ni siku kama siku, nikasahau. Nikabeba mkasi wangu nikaenda.

Mlango ulikuwa wazi. Nikapiga hodi, hapana jibu. Nikapanda ngazi. Ukumbi wa juu madirisha yamefungwa, na wanawake wote wa nyumba, wakubwa na wasichana, wamekaa duara juu ya mkeka mmoja, mikono mapajani, macho chini. Tasbihi hapana, dua hapana, hata kikombe cha kahawa hapana. Kimya kitupu.

Sasa mie ungenitaka nifanye nini, Mama? Si nimekua nacho kimya hicho? Kila Jumapili asubuhi, vyombo havijaoshwa, si ulikuwa ukinikalisha mbele yako hivyo hivyo mpaka miguu inakufa ganzi, na nikikuuliza kwa nini unanambia, "Mama alikuwa akifanya"? Mie nilidhani Pemba nzima wanafanya. Nimekuja kuolewa ndiyo Khalfan ananiuliza kama nimenuna. Basi miguu yangu haikuniomba ruhusa. Nikaona pahala pa wazi mkekani, nikavua viatu, nikakaa, nikaweka mikono mapajani.

Nikasikia mmoja anavuta pumzi. Nilipoinua macho wote wananitazama, rangi zimewatoka, na mimi sijui nimevunja nini. Katika joto lile, Mama, baridi ilinipanda kutoka kwenye mkeka mpaka mgongoni. Nilitaka kuinuka, nikashindwa. Tukakaa. Mwisho wake Bi Thuwaiba, aliyekuwa ubavuni pangu, akaninyoshea mkono, na mimi nikampa wangu, kama mimi na wewe tulivyokuwa tukimalizia. Lakini yeye hakuniachia. Akasema kwa Kiswahili cha Pemba hasa, kile cha wazee, "Umekawia, dada. Homa imepoa?"

Mkaza mwanawe, Nasra, ndiye aliyenivuta chumbani. "Pale hapakaliwi!" akanambia. "Tangu niolewe hapa sijaona mtu akikaa pale. Tulijua pana mwenyewe." Nikamuuliza mwenyewe nani. Akanieleza kuwa mama yake Bi Thuwaiba, Bi Maryam, alikuwa mwanamke mweupe wa macho ya buluu aliyekuja na mumewe kutoka Pemba, na yeye ndiye aliyewafundisha kukaa kimya, na pahala pale alikuwa akipaacha wazi maisha yake yote bila ya kusema kwa nini. Alipokufa wakaendelea. Wakadhani ni jini aliyetoka naye kwao, na ukimkalia atakutoa roho. Watoto wa nyumba ile wakilia, hutishwa kwa mkeka.

Bi Thuwaiba peke yake ndiye aliyejua. Mama yake alimwambia yeye tu: pale ni pa dada yako, tulimwacha na homa.

Mama, nimewapata watu wako, na kile kimya chetu kumbe ndiyo sala ya wale Marafiki. Bi Thuwaiba ni mtoto wa Ruthi, mdogo wake Bibi Hana wa tumbo moja, toka nitoke. Wewe una mama mdogo!

Nililia, nikacheka, nikakimbilia karatasi zako. Mwanawe Bi Thuwaiba, Sheikh Humud, akazisoma, nikamfasiria, akasema hana shaka. Nikamweleza habari yako na ruhusa ya liwali. Akasema, "Hilo ni la Mama kulisema. Nyumba hii haiapi wala haidanganyi, na liwali anajua. Neno lake moja linatosha, langu halitoshi, maana aliyeambiwa na mamaye ni yeye." Tukaenda kwake sote.

Bi Thuwaiba akatusikiliza, kisha akanipapasa shavu. "Nimtume nani akamchukue Hana," akasema, "na Hana keshafika?"

Nikamwambia, bibi, Hana kafa zamani, kafia Pemba, mimi ni Raya, mjukuu wake. Akanambia safari imenichosha. Na usidhani kachanganyikiwa! Bei ya samaki anaijua, miaka ya wajukuu anaijua, mtumishi akipunguza chumvi anaijua. Ni hili moja tu. Alikuwa akingoja, na mimi kwa miguu yangu nimekwenda kuukalia mwisho wa kungoja kwake.

Jumapili iliyofuata nikakaa pembeni makusudi. Akapatazama pale patupu, machozi yakaanza kumtoka bila sauti, kama mtoto aliyeshalia sana. Siku hiyo hakula, na kesho yake hakula. Nasra akaniletea sanduku akanambia nitazame. Ruthi alikuwa akimshonea Hana nguo kila mwaka, Mama. Kigauni cha mtoto, kisha kikubwa kidogo, kisha cha msichana, cha mwari, cha mwanamke mzima, mpaka mikono yake ilipokataa kushika sindano. Hakuwa na kipimo chake, alikuwa akikisia. Ile ya mwisho nikaivaa. Mie mshonaji, najua nnachosema: hapana pa kutia wala pa kupunguza. Nikaivua upesi, nikakunja, lakini ngozi yangu ilikuwa bado inaisikia.

Juzi nikiwa chini napima nguo ya bi harusi, Bi Thuwaiba akaita kutoka juu, "Hana!" Nasra akanitazama.

Nikaitika, "Labeka."

Wewe uliyenizaba kibao nikiwa mdogo kwa kusema wallahi, ukanambia kwetu ndiyo ni ndiyo na siyo ni siyo, najua utakavyonitazama. Natamani nikwambie kuwa nilifikiri kwanza, kuwa nilikukumbuka wewe na kile chumba cha Bi Mwanaisha. Sikufikiri. Mdomo uliitika wenyewe, na mimi nikausikia.

Lakini nilipofika juu nilikufikiria. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia, "Nna mwanangu kabaki Mombasa. Namtaka."

Akasema, "Mtoto hatumwachi tena." Akataka buibui lake, akataka bakora yake, akashuka ngazi ambazo Nasra anasema hajazishuka kwa muda mrefu, na Humud nyuma yake. Mbele ya liwali akasema, "Yuko Mombasa mtoto wa dada yangu. Ni wetu." Wala hakusema uongo hata chembe. Ruhusa ikaandikwa hapo hapo. Inakuja kwako kwa mkono wa mtu anayeaminika, pamoja na nauli.

Khalfan hajafurahi. Anasema nikitoka nyumba ile namtazama kama mgeni. Ati anasema jana aliniita Raya, akaniita tena, nisigeuke. Nikamwambia cherehani ilikuwa inapiga kelele. Kweli ilikuwa inapiga kelele, lakini njoo, Mama. Usingoje magoti yapone.

Nisalimie Bi Mwanaisha, mshukuru kwa ajili yangu, maana sukari yake ni yake na kukuhifadhi alikuhifadhi. Msalimie kaka yangu mkubwa, hana pa kukuweka lakini miguu anayo, umwambie akusindikize mpaka melini, asiishie getini. Salamu kwa mwalimu wangu wa chuo, aliyekimbilia huko pamoja nasi, na kwa mama jirani anayekupikia uji ukiumwa.

Jambo moja la mwisho, na usinikatalie. Ukifika, Bi Thuwaiba atakupokea mlangoni na mimi nitakuwa nyuma yake. Najua utataka kunikimbilia. Jizuie. Mbele yake usiniite Raya, wala usiniite mwanangu, maana akija kujua nilimdanganya, naogopa haamki tena. Humo ndani mimi ni Hana. Wewe ndiye mtoto niliyekuacha.

Utaniita Mama.

Mwanao,
Raya