Mvinyo wa Nyuma ya Ghala

Tarehe 4 Septemba

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na duka lako la mvinyo je? Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kupanda vilima vya mizabibu huku ugenini. Laiti ungeona! Maghala yamechimbwa chini ya ardhi, baridi tupu, mapipa yamepangwa mpaka macho yanachoka. Kila mwenye shamba ananimiminia glasi, na mate yananitoka kabla sijaonja.

Ila kuna jambo. Wanunuzi wenzangu wanaonja, wanasukutua, kisha wanatema kwenye ndoo! Mbele ya mwenyeji! Mimi niliyelelewa na wewe nikateme nilichokaribishwa? Thubutu. Nimemeza vyote, mashamba matatu kwa siku moja. Wakati wa kurudi nilikuwa namwimbia dereva.

Najua tuna fedha za kununua shehena moja tu. Najua pia nisipopata mvinyo ambao lile duka kubwa la ng'ambo ya barabara halina, mwisho wa mwaka unafunga mlango. Usihofu, nitaupata!

Mwanao,
Kidomodomo

Tarehe 6 Septemba

Kidomodomo wangu,

Marahaba, mwanangu. Mgongo ni ule ule, na duka lina nzi kuliko wateja. Barua yako nimeisoma kwenye simu, imenichekesha mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Wewe! Tema! Kwenye kazi hii kutema si dharau, ndiyo adabu yenyewe. Sikukwambia kwa sababu nilidhani unajua. Ukimeza, ukifika shamba la tatu hata siki utaisifu.

Sasa nisikilize. Tangu ile homa pua yangu imekufa, na wewe peke yako unajua. Mvinyo na maji ya bomba, kwangu yote mamoja. Ningekuwa na pua ningekuja mwenyewe, na inaniuma kwamba siwezi. Kwa hiyo usifanye mchezo, na usimpe mtu mkono bila kuniuliza. Huko kwenye mapipa, mkono ndio mkataba.

Shangazi yako

Tarehe 7 Septemba

Shangazi,

Shikamoo, na ukae kwanza. Umekaa? Onyo lako limenikuta nimeshatoa mkono.

Ni kwenye lile shamba la tatu, la bibi mmoja ninayemwita Mama Mapipa. Kichwa kimeshachangamka, nikamwambia mvinyo wake mweupe nauchukua wote, shehena nzima. Leo nimerudi, nikaonja, nikatema. Mama yangu! Mwepesi kama maji yaliyosuuzia glasi. Nikaona duka lako linazama kwa sababu ya heshima zangu.

Basi nikamweleza ukweli wote, dereva akitafsiri. Alicheka mpaka akashika pipa asianguke. "Wanaotema wote wananisifu," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kuniambia mvinyo huu hauna kitu." Akanirudishia neno langu, kisha akanipeleka nyuma ya ghala, kwenye mapipa wanayokunywa wenyewe nyumbani. Mvinyo mwekundu, mzito, ambao hajawahi kumuuzia mtu. Shangazi, mwili ulinisisimka! Unaanza kwa ukali, unakunja uso, halafu unatulia mdomoni mpaka hutaki kuongea. Mimi, nisitake kuongea!

Yuko tayari kutuuzia. Lakini mnunuzi wa lile duka la ng'ambo ya barabara amefikia nyumba ya wageni hii hii, na keshokutwa anakwenda kwa Mama Mapipa. Na wateja wetu wamezoea mvinyo mtamu. Huu si mtamu hata chembe. Wakiukataa, tumekwisha. Nichukue au niache? Nijibu leo hii, nakuomba.

Mwanao,
Kidomodomo

Tarehe 8 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Mbona kimya? Chai sijanywa, simu haijatoka mkononi. Nimempigia jirani, anasema amekuona unafagia mlangoni. Kumbe hujambo, hutaki tu kunijibu! Nimekukosea nini?

Kidomodomo

Tarehe 9 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Nimeuchukua. Nimempa Mama Mapipa mkono nikiwa na akili zangu timamu, yule mnunuzi wa duka kubwa akiwa bado nyumba ya wageni anapaka mkate siagi. Nina furaha na nina hofu, sijui ipi ni ipi. Kama nimekosea, nimekosea mimi mwenyewe. Ila sijakosea, Shangazi! Nikasirikie ukitaka.

Mwanao

Tarehe 9 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine zote ninazodaiwa. Barua yako niliisoma saa ile ile. Niliandika "chukua" nikafuta, nikaandika "acha" nikafuta. Mimi ningejua nini, na pua hii? Ningekujibu kwa woga tu, na wewe ungenitii, maana ndivyo nilivyokulea. Simu nikaifungia kabatini nikaenda kufagia, na roho ikiniuma kila nikikufikiria uko huko peke yako.

Hasira sina. Nimepiga vigelegele peke yangu dukani kama mwendawazimu. Nikiwa katikati ya vigelegele akaingia yule mwalimu mstaafu, mteja wetu wa siku zote, akashika chupa na kuniuliza kama kawaida, "Hii unanishauri?" Nikamwambia mimi nimeacha kuchagua, mchaguzi wa duka hili yuko njiani anarudi. Akaniuliza, "Anakushinda?" Nikamjibu bila kumeza mate, "Ananishinda."

Akairudisha chupa kwenye rafu, akasema basi atakusubiri.

Umenikosesha mauzo ya leo. Njoo upesi.

Shangazi yako