Alizikwa, Hakupikwa

Leo asubuhi nilikuwa nasugua sufuria, Shangazi, nikamwambia Mama, "Hii imeungua." Sote tukatega sikio, tunasubiri sauti yako: "Umeipima?" Haikuja. Mwaka umezunguka tangu ututoke, na bado tunakusubiri utukosoe.

Ulikuwa mpole mpaka kwa mifupa. Kule maabara ya makumbusho ulikuwa unakwangua unga kiduchu tu, wa kukaa kwenye ncha ya kucha, halafu unauomba mfupa radhi. Ulinifundisha kwamba mfupa ukipata moto, vilivyomo ndani yake vinajipanga upya, na mashine yako inaviona hata kama macho hayaoni. Na mfupa mweusi si lazima uwe umeungua. Udongo nao unapaka rangi. Baba alikuwa anakutania, "Dada, chai yangu nyeusi hii, kaipime kama ilichomwa." Unacheka hadi miwani inadondoka.

Yule mtoto wa kale wa pale makumbusho, mwenye mifupa myeusi, ulimpima, ukarudia. Ukaja mezani umefurahi kama umempata ndugu aliyepotea. "Hana moto hata chembe," ukasema. "Alizikwa, hakupikwa."

Wiki iliyopita shule ilitupeleka kumwona. Kibao kipya kinasema: MTOTO ALIYECHOMWA NA KULIWA. Watu wanajipiga picha pembeni yake wametoa meno, eti wanatafuna. Mmoja akauliza, "Chumvi iko wapi?" Wenzangu wakaangua kicheko. Mimi nikaenda chooni kutapika. Kinyaa, Shangazi. Mpaka leo nyama haipiti kooni.

Aliyeweka kibao ni msaidizi wako, yule uliyemfundisha kazi, akala kwetu hadi akawa anajua sahani yake. Baba alimfuata. Akajibiwa, "Kaka, wa kuzikwa haleti watu. Wa kuliwa analeta foleni." Na majibu ya vipimo vyako anayo. Baba alirudi anatema mate njia nzima.

Tunaokukumbuka ni kaka yako, wifi yako, mama yako, ambaye hataki tena hata kupita mtaa ule wa makumbusho, na mimi, uliyekuwa unaniita Bibi Kimya. Kwetu husahauliki, si leo, si kesho.

Kuongea siwezi, unanijua. Kwa hiyo nimemwandikia msaidizi wako kwenye simu: "Shikamoo. Shangazi alimpima yule mtoto. Alizikwa, hakupikwa. Naomba utoe kibao."

Ujumbe ameusoma. Hata marahaba hakuna.